Miezi minane na F# na FuncUI kwenye kaunta ya shangazi

Nianze na nyota, maana najua wapo watakaoishia hapa: F#, lugha ya kuandikia programu, naipa nne na nusu; Avalonia, inayochora madirisha ya programu, nne; FuncUI, inayoziunganisha hizo mbili, tatu na nusu. FuncUI imekatwa zaidi kwa sababu yenye hadithi yake, na ndani ya hadithi hiyo yumo mkulima mmoja aliyesamehewa deni la bati 40 bila kuomba.

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Ifakara. Bati, nondo, simenti, misumari, rangi, mabomba. Nusu ya mauzo ni mkopo, kwa sababu bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na anayeezeka nyumba leo atalipa akishavuna. Miaka yote madeni yalikaa kwenye kaunta buku, zile za jalada gumu, mpaka msimu mmoja wa mvua paa la stoo likavuja juu ya rafu ya madaftari. Duka linauza mabati, na paa lake linavuja, hayo tuliyaacha. Akanipigia: "Wewe si ndiyo unayeshinda kwenye kompyuta? Basi nitengenezee daftari lisilolowa."

Tovuti niliikataa siku hiyo hiyo. Intaneti ya pale ni bando la simu ya kijana wa dukani, na likiisha limeisha. Ilibidi iwe programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, nayo ni kompyuta mpakato ya mtumba, Windows 10, RAM giga 4, diski ya kuzunguka na betri iliyokwisha kufa. Umeme ukikatika, inazima papo hapo kama taa.

Toleo la kwanza niliandika kwa lugha ya C# na Windows Forms, mtindo niliofundishwa chuoni: unaburuta kitufe, unaburuta lebo, unabofya kitufe mara mbili na kuandika kitakachotokea. Siku kumi za mwanzo nilijiona bingwa. Kumbe deni la mtu mmoja lilikuwa likiishi sehemu tatu: kwenye lebo ya juu, kwenye jedwali la katikati, na kwenye kigeu nilichokificha nyuma. Kila kitufe kilitakiwa kukumbuka kusahihisha zote tatu. Kimoja kikasahau. Shangazi akanitumia picha ya skrini: juu 340,000, chini 290,000. "Nimdai ipi?" Mimi sikuwa na jibu. Mteja aliyesimama mbele yake alikuwa nalo.

Ndipo nikahamia kwenye lugha za kifanksheni. Wazo lenyewe, ukiliondolea maneno ya wasomi, shangazi alikuwa akilitumia kabla sijazaliwa. Kwenye kaunta buku hakuna kufuta. Mtu akilipa, mstari wa juu unabaki ulivyo, unaandika mwingine chini yake, na salio ni hesabu ya mistari yote. Huku nako kuna hali ya programu, ambayo haibadilishwi. Kuna ujumbe, yaani jambo lililotokea. Fanksheni moja, yaani kipande cha programu, inapokea hali ya zamani pamoja na ujumbe, inarudisha hali mpya. Fanksheni nyingine inapokea hali na kurudisha sura ya dirisha zima. Lebo haina tena kumbukumbu yake binafsi. Inachorwa kutoka hali ile ile inayochora jedwali, kwa hiyo hakuna namna moja iseme 340 na nyingine 290.

Mtindo huu wengi tumeujua kupitia lugha ya Elm, ambayo Evan Czaplicki aliianza na tasnifu yake ya chuo mwaka 2012. Ila Elm ni ya kivinjari, na mimi nilitaka dirisha la Windows. Nilijaribu Haskell kwanza, lugha nyingine ya kifanksheni, na wikendi yote ikaishia kwenye kusakinisha maktaba za GTK za kuchora madirisha. Sikuandika hata kitufe kimoja. F# nilikuwa karibu nayo zaidi, kwa kuwa inaishi nyumba moja na C#, yaani jukwaa la .NET la Microsoft. Don Syme na wenzake waliitoa Microsoft Research ya Cambridge, Uingereza, mwaka 2005. Ni ya ukoo wa lugha za ML, jirani wa karibu wa OCaml. Anayechora dirisha ni Avalonia, ambayo haiazimi vitufe vya Windows bali inachora kila kitu yenyewe kupitia Skia, maktaba ya kuchorea, ndiyo maana programu ninayoiandika kwenye Linux yangu Dar inatokea na sura ile ile Ifakara. FuncUI inakaa katikati: inakuruhusu kuieleza Avalonia dirisha lako kwa F# tupu, bila faili za XAML, lugha ya pembeni ya kueleza madirisha. Avalonia na FuncUI zote ni bure, leseni ya MIT.

Moyo wa programu ya shangazi ni huu:

type Ujumbe =
    | Kopesha of Mteja * Mzigo list
    | PokeaMalipo of Mteja * Shilingi
    | Tafuta of string
    | Tendua

Majina ni ya Kiswahili na kompaila, inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, haina neno. Chochote kinachoweza kutokea dukani kimo humo, na kisichomo hakiwezi kutokea. Mwezi wa pili shangazi akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kuniambia: fundi akichukua nondo 20 na kutumia 17, tatu anazirudisha na deni linapungua. Nikaongeza mstari mmoja, RudishaMzigo. Kompaila ikaanza kulalamika kila mahali nilipokuwa nimeshughulikia jumbe za zamani bila hii mpya. Kwa kawaida hilo ni onyo tu, FS0025. Mimi nimeligeuza liwe kosa, programu isijengeke mpaka nijibu. Sehemu zilikuwa nne. Tatu nilizikumbuka. Ya nne ilikuwa ripoti ya mwisho wa mwezi, na ningeigundua tarehe 30 kwa simu ya kufokewa.

Kitu kingine ambacho sijakiona kwenye lugha nyingi ni vipimo. Duka la ujenzi ni vurugu ya vipimo. Misumari kwa kilo, nondo kwa kipande, simenti kwa mfuko, na waya wa kufungia nondo unanunuliwa kwa roli na kuuzwa kwa kilo. F# inakuruhusu kutangaza kilo, mfuko, kipande na shilingi kuwa vipimo, kisha bei ya misumari unaiandika 3500m<sh/kilo>. Ukizidisha na kilo unapata shilingi. Ukizidisha na mifuko, unapata kosa kabla programu haijafunguka. Vipimo vyenyewe vinafutika programu ikishajengwa, kwa hiyo haviiongezei mashine ya shangazi mzigo wowote. Kwenye toleo la Windows Forms niliwahi kuuza mifuko 12 ya simenti kwa bei ya misumari. Simlaumu mtu, lakini sasa siwezi hata nikitaka.

Kitufe cha Tendua kilinichukua mistari saba. Hali haibadilishwi, kwa hiyo kila hali ya zamani bado ipo nzima. Naziweka kwenye orodha, na kutendua ni kuchukua ya juu. Mtu atauliza kuhusu kumbukumbu ya mashine. Hali mpya inashirikiana na ya zamani sehemu zote ambazo hazikuguswa, kwa hiyo hamsini za mwisho ninazozitunza hazihisiki. Kijana wa dukani ndiye mtumiaji mkubwa wa kitufe hicho, na shangazi anajua, kwa sababu Tendua nayo ni ujumbe na jumbe zote zinaandikwa.

Hilo la kuandika jumbe ndilo lililonifanya nisirudi nyuma. Kabla ujumbe haujafanya kazi, mstari wake unaingia kwenye faili ya maandishi. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, programu ikifunguka inasoma mistari ile na kurudi ilipokuwa. Na shangazi akisema "imeharibika", neno ambalo kwake linaanzia kwenye hitilafu ya kweli hadi kwenye kipanya kilichochomoka, namwambia kijana anitumie faili ile kwa WhatsApp. Ni kilobaiti chache tu. Naipitisha kwenye programu yangu Dar, na mbele yangu linatokea dirisha lile lile aliloliona yeye, hatua kwa hatua. Siulizi tena "ulibofya nini?", swali ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulijibu sawasawa.

Sasa yule mkulima.

Simu ilikuja saa moja asubuhi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Mwanangu, hii mashine yako ina huruma kuliko mimi." Jioni ya jana yake kijana alikuwa ametafuta jina la fundi mmoja kwenye orodha ya wadaiwa. Orodha ikapungua, fundi akawa wa kwanza, kijana akabofya "Amelipa yote" kwenye mstari wake. Deni la fundi likabaki vile vile. Lililofutika ni la mkulima ambaye, kabla ya kutafuta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha.

Nikapitisha faili ya jumbe. Ujumbe ulikuwa sahihi kabisa kwa jinsi ulivyotumwa: PokeaMalipo, mteja namba ya mkulima. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitufe. Ili nikuoneshe, lazima nieleze FuncUI inavyofanya kazi. Kila hali inapobadilika, fanksheni yako inaeleza dirisha zima upya, lakini FuncUI haivunji dirisha na kujenga jingine. Inalinganisha maelezo mapya na ya zamani na kurekebisha kilichotofautiana tu. Kitufe cha mstari wa kwanza kilikuwa cha mkulima, sasa mstari wa kwanza ni wa fundi. FuncUI inakitunza kitufe kile kile, inabadilisha maandishi pembeni yake, basi. Ile amri ya nini kifanyike ukibofya haibadilishwi, labda uiagize. Kitufe kilivaa jina la fundi huku masikio yake yakiwa bado kwa mkulima.

Dawa ni neno moja. Mwisho wa onClick, ile amri ya kubofya, unaongeza SubPatchOptions.OnChangeOf pamoja na namba ya mteja, na amri inasajiliwa upya kila namba ikibadilika. Ukiwa mvivu unaandika SubPatchOptions.Always. Njia nyingine ni kuupa kila mstari ufunguo wake kwa View.withKey, ili kitufe cha mkulima kisirithiwe na fundi. Yote haya yameandikwa kwenye maelezo ya FuncUI. Mimi ndiye sikuyasoma. Hata hivyo nyota nimeikata, kwa sababu unaingia kwenye lugha hii kwa ahadi kwamba kilicho kwenye skrini kinatokana na hali na hali tu, halafu chaguo la kawaida la vitufe linakuruhusu kuvunja ahadi hiyo bila kompaila kukohoa. Sababu yake naielewa: kusajili upya amri za vitufe vyote kila mara ni kazi ya bure pale ambapo hakuna kilichobadilika. Ila ningependa chaguo la kawaida liwe la polepole na la kweli, na anayetaka kasi ndiye aombe.

Deni lilirudi kwa Tendua. Mkulima hakujua lolote.

FuncUI ina milango miwili. Unaweza kuingia kwa Elmish, ambao ndio huo wa hali moja kubwa na jumbe, au kwa vijenzi, ambapo kila kipande cha dirisha kinatunza hali yake ndogo kwa ctx.useState. Nilianza na vijenzi kwa sababu mifano yake ni mifupi na inavutia. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na vihali vidogo kila kona, lebo na jedwali vikaanza kutazamana vibaya tena. Nikahamishia mambo yote ya pesa kwenye Elmish. Vijenzi nimeviachia vitu visivyo na madhara, kama paneli kuwa wazi au imefungwa.

Orodha ndefu nazo zina adabu yake. Bidhaa za dukani ni zaidi ya 900. Mwanzoni nilizichora zote kama mistari ya kawaida ndani ya StackPanel, na kwenye kompyuta yangu ilikuwa safi. Kwenye ile ya Ifakara, ukiandika "nondo" kwenye kisanduku cha kutafuta, herufi zilikuwa zinatokea moja moja kama mtu anayekumbuka tahajia. Kila herufi ilikuwa inaeleza upya mistari 900. Nilipohamia ListBox, nikaipa bidhaa kwa ListBox.dataItems na kiolezo cha mstari mmoja, ikaanza kuchora ile michache inayoonekana tu, na tatizo likaisha. Funzo la gharama ya soda: jaribu kwenye mashine ya mteja, si yako.

Kuchapa ndiko kulikonikera zaidi, na hapo FuncUI haina hatia. Avalonia haikuja na njia yake ya kuchapa. Nilitegemea ningeita kitu kama "chapa hii" na printa ndogo ya karatasi ya milimita 58 ingetoa risiti. Hakuna. Nikaishia kuandika baiti za ESC/POS kwa mkono, lugha ambayo printa hizi za kaunta nyingi zinaielewa: baiti hizi kuanzisha, hizi kukoleza wino, hizi kukata. Siku mbili za karatasi zenye herufi za ajabu, kisha ikatulia. (Risiti hiyo ni ya kumbukumbu ya mteja tu. Ya kodi, ya EFD, bado inatoka kwenye mashine yake, msije mkanisemea.)

Mengine kwa haraka. Hakuna kioo cha kutazamia dirisha unapoliandika. Natumia dotnet watch, ambayo inafunga programu na kuifungua upya kila nikihifadhi faili, na kwa dirisha la tatu ndani ya menyu ni kero. F# inasoma faili kwa mpangilio, ya juu haiijui ya chini. Wiki ya kwanza nilitukana, sasa naona inanizuia kutengeneza fundo. Mifano mingi ya Avalonia mtandaoni imeandikwa kwa XAML, kwa hiyo unatafsiri kichwani, na ukikuta kidhibiti (kitufe, kisanduku na kadhalika) ambacho FuncUI haijakitengenezea maneno yake unayaandika mwenyewe kwa AttrBuilder. Si kazi ngumu, ila hakuna atakayekuambia ni kazi yako. Na ukikwama, usitarajie jirani. Kwa mtu wa PHP au Python utapata watu kumi wa kumuuliza kabla chai haijapoa. Kwa F# mimi nilipata mmoja, naye alikuwa amekwama pale pale nilipokwama mimi.

Ukubwa. Nilijenga programu ikiwa imebeba .NET yake ndani, ili shangazi asisakinishe chochote, ikatoka faili moja kasoro kidogo megabaiti 100. Ya kwanza niliituma kwa flashi ndani ya bahasha, kwa basi la asubuhi, na kijana akaipokea stendi jioni. Baadaye nikagundua mpangilio wa kubana faili, EnableCompressionInSingleFile, faili ikashuka karibu nusu, na sasa naifunga kwenye zipu na kuituma kwa simu usiku bando likiwa la bei nafuu. Kufunguka inachukua kama sekunde sita kwenye diski ile ya kuzunguka. Ikishafunguka, inakula kumbukumbu kama megabaiti 150, na kivinjari kimoja chenye kurasa mbili kinaizidi.

Kitu kidogo ambacho sikukipanga: nilipoiambia programu itumie sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, tarehe zikaanza kuandikwa Jumatatu, Jumanne, zenyewe, bila mimi kutafsiri chochote. Katika kazi yote ya miezi minane, hicho ndicho shangazi alichomwonesha jirani yake wa duka la vitenge.

Nani asiichukue? Mwenye fomu moja ya kujaza na muda wa wiki moja. Windows Forms itamtosha na atalala vizuri. Mwenye kuhitaji kuchapa kurasa nyingi zenye mapambo afikirie mara mbili. Na timu ambayo mtu mmoja tu anajua F#, nayo ijiulize itakuwaje mtu huyo akihama. Swali hilo shangazi alishaniuliza, kwa maneno makali kidogo kuliko haya.

Wiki hii anataka rangi ianze kuuzwa kwa kupima, lita moja moja kutoka kwenye ndoo kubwa, badala ya kopo zima. Asubuhi nimeongeza kipimo cha lita. Kompaila imenipa makosa 11, kila moja na namba ya mstari wake, na naanza na la kwanza nikitoka kazini.